Boksi Lililoandikwa Isipigwe

Siku nilipokabidhi ofisi, Neema, anayeshika nafasi yangu, alifungua kabati la chini kabisa akatoa boksi tupu la tepu, la kahawia, limeliwa pembe zote. Juu yake kuna neno moja kwa wino mwekundu, mwandiko wangu wa ujanani: ISIPIGWE. Akaniuliza, "Mama, hili si tulitupe tu?" Nikamwambia alirudishe. Kisha chai ikaja, hotuba zikaanza, nikasikia nikisifiwa kwa mambo mengi ambayo sikuyafanya. Habari ya boksi haikutajwa na mtu, kwa kuwa waliokuwepo wakati ule wote wameshaondoka. Basi naiandika, ili ninyi mnaobaki na makabati yale mjue mnalinda nini.

Nilianza kazi Mbeya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa Kihehe kutoka Iringa, nimemaliza shule ya misheni, nina sweta moja, na nilikuwa naamini kwamba redio ni mahali pa watu wenye sauti nzuri. Kumbe kituo chetu kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko wa mlima, mlingoti nyuma, na mbuzi wa jirani mlangoni. Karibu siku nzima tulipokea matangazo ya makao makuu na kuyasukuma mbele. Muda wetu wenyewe ulikuwa kuanzia saa saba mchana hadi saa nane: taarifa za mkoa, matangazo ya vifo, halafu muziki. Hiyo saa ndiyo iliyokuwa imeniajiri mimi. Nilikuwa mtunza santuri.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Sanga, Mkinga mrefu mwenye maneno machache. Siku ya kwanza alinipa santuri iliyovunjika na kitambaa laini, akasema, "Futa." Nilifuta mpaka chakula cha mchana. Akaja akaikagua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Kesho tena." Siku ya tatu ndipo akaniruhusu kushika nzima. Wembe wake wa kukatia tepu aliuweka ndani ya kiberiti, na hakuna aliyethubutu kuuomba kunolea penseli. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikikaza, aliwasha jiko la mkaa nje, likishaacha moshi analiingiza chumba cha mitambo kwa nusu saa. Mashine ikiwa na baridi huzunguka polepole, na mwimbaji wa kike anatoka na sauti ya mjomba wake. Ninyi mna viyoyozi, lakini kanuni ni ileile: sikiliza mashine kwanza, ndipo usikilize wimbo.

Daftari langu lilikuwa na safu nne: namba, jina la wimbo, mwimbaji, dakika. Nililipigia mistari kwa rula na nililionea fahari sana. Nilidhani kuwa wimbo ukishaandikwa jina na dakika, hauna siri nyingine.

Kabatini tulikuwa na muziki wa kila nchi, na wa kwetu kidogo sana. Tulikuwa na Wamarekani wa magitaa, waliopendwa na kila dereva wa lori, na rumba kutoka ng'ambo ya ziwa. Tulikuwa pia na santuri moja ya kinanda cha kanisani, haina maneno, ambayo tuliipiga kila siku baada ya matangazo ya vifo, ili watu wapumue kidogo kabla ya dansi. Kisha ikaja barua. Mkuu wa kituo, mtu mwoga lakini mwema, aliisoma akiwa amesimama. Muziki wa nje ulikuwa umesimamishwa, kuanzia sasa ni muziki wa nyumbani tu. Baada ya miezi mitatu angekuja mkaguzi, na kituo kitakachoshindwa kuijaza saa yake kingenyang'anywa saa hiyo, irudi makao makuu.

Nilikwenda maktaba nikahesabu za nyumbani. Zilikuwa santuri kumi na nne za bendi za Dar es Salaam, mbili zina ufa. Kwa hizo tungefika Alhamisi. Bila saa yetu hakuna santuri za kutunza, na bila santuri mimi ni wa kurudi Iringa kueleza kwa mama. Nililia, siwafichi. Fundi Sanga alipita mlangoni, akaniona, akaenda zake. Baadaye akarudi na kinasa sauti cha safari, kizito kama gunia la mahindi, akakiweka mezani kwangu akasema, "Hatuna. Basi tukanase."

Tulizunguka na Land Rover ya kituo. Rujewa tuliwanasa akina mama wanaotwanga mpunga, na kila walipofika pazuri walisimama kutuuliza kama mashine imesikia. Kwetu Iringa tulimpata mzee mpiga ligombo, kinanda cha nyuzi cha Kihehe, aliyekataa kupiga mpaka nimtajie ukoo wangu hadi kwa babu wa babu. Mafinga tulinasa kwaya ya Walutheri iliyoimba hadi mbao za dari zikatetemeka. Tuliporudi, Mkuu alikuna kichwa kwa siku mbili. Sauti ya wimbo ilikuwa ya Kijerumani, maneno ni ya Kibena: je, huo ni wa nje au wa ndani? Sanga akamwambia, "Waimbaji wanalala Mafinga." Ikapita.

Safari ya nne tulikwenda Rungwe, kijiji kimoja nyuma ya Tukuyu. Tulikuta mazishi. Kulikuwa na ngoma tatu, wanaume wakicheza kwa mstari, vumbi limewafika magotini, na mbele yao mzee mfupi mwenye koti la kijivu akipiga ngoma kubwa. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Sanga alivua kofia akaenda kuomba ruhusa kwa wenye msiba. Wakasema naseni tu, marehemu alipenda watu. Walipomaliza, yule mzee alinifuata huku akijifuta jasho.

"Binti, utaandika jina langu?"

"Nitaandika, baba."

"Andika Asegelile. Kuna wengine wanapiga, lakini hii ni yangu."

Niliandika kama nilivyozoea: Ngoma ya Rungwe. Kiongozi, Asegelile. Dakika sita. Kama mnaona kilichokosekana hapo, mna akili kuliko nilivyokuwa mimi. Nilijua kwamba ni ngoma ya msibani, maana nilikuwepo. Nisichokijua ni kwamba pigo lile halipigwi pengine popote, na kwamba kwa watu wa kule ni taarifa kamili.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa natafuta kitu cha kuweka baada ya matangazo ya vifo, mahali pa ile santuri ya kinanda. Nilitaka kitu kisicho na maneno, cha heshima. Nikachagua tepu ya Asegelile, na niseme ukweli, nilijipongeza. Mtangazaji wetu, Mussa, kijana wa Tanga aliyejivunia Kiswahili chake, alisoma vifo vitatu, akasema kwa sauti yake ya simanzi, "Na sasa, ngoma ya Rungwe. Mzee Asegelile." Ngoma ikaanza.

Mfagizi wetu, Mama Tusekile, alikuwa akipiga deki ukumbini. Akaweka ndoo chini.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Ni muziki."

Alikuwa Mnyakyusa, mtu mzima, na alikuwa ananiambia jambo. Mimi nilikuwa na cheti na daftari la safu nne. Akachukua ndoo yake akaendelea na deki.

Jumatatu simu ililia kutoka posta ya Tukuyu. Mkuu alisikiliza, akajibu ndiyo mara saba, akakaa. Siku hiyohiyo kikundi cha ngoma kutoka upande wa Igawa, tulichokisubiri wiki nzima, kilituma ujumbe kwamba hakiji. Walisema hawataki kuingia kwenye mashine inayozika watu walio hai. Kesho yake vikundi viwili vingine vikakataa. Zilibaki wiki tano mkaguzi aje, na kabati halijafika nusu.

Jumatano asubuhi mlango ulifunguka akaingia mzee mfupi mwenye koti la kijivu. Nyuma yake kulikuwa na mwanamume wa miaka thelathini hivi, nguo zake zina vumbi la mbao, macho mekundu.

"Mmeamkaje. Mimi ndo Asegelile. Yule mliyemzika Jumamosi."

Mkuu alisimama akamwamkia shikamoo mara mbili.

"Marahaba. Sijaja kugombana. Nataka tu nimuone aliyenipeleka kaburini."

Nilinyoosha mkono kama niko darasani. "Ni mimi, baba. Niliandika jina lako, na tepu niliichagua mimi."

"Aa, yule binti wa mashine. We kabila gani?"

"Mhehe, baba."

Akamgeukia mwenzake. "Unaona, Gwamaka? Hawa Wahehe hawa. Kwanza wamekuchukua wewe, sasa wananizika mimi."

Akakubali kiti, akatueleza. Jumamosi mchana alikuwa kwenye migomba akikata majani ya ng'ombe. Aliporudi alikuta uwanja wake umejaa watu, mikungu ya ndizi imelazwa chini, kuni zimerundikwa, mke wake analia katikati ya wanawake. "Nilimuuliza analilia nini, wakati asubuhi kanipa chakula kwa mkono wake. Akasema, wenzangu wanalia, ningefanyaje? Watu wengine walinikimbia. Dada yangu alifika kesho yake, katoka Kyela na mchele kichwani, kaniona, kakaa chini palepale, kanitukana mpaka jua likashuka."

Sanga aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mzee akangoja amalize kucheka.

"Huyu ni mtoto wangu. Anafanya kazi kiwanda cha mbao, huko Mafinga. Alioa Mhehe bila kuniambia, tukakosana, miaka minne hajakanyaga kwangu. Jumatatu kaja na lori la mbao, na mke, na mjukuu sijawahi kumuona. Kaja kunizika."

Gwamaka alisema, akiangalia viatu vyake, "Nilimkuta kakaa nje anakula ndizi."

"Basi nasema kweli mbele yenu," mzee akaendelea. "Nilipowaona watu wale nilifurahi. Ni wengi. Mtu hapati kuona msiba wake. Lakini niambieni kitu kimoja. Siku nikifa kweli, nani atakuja? Watasema, aa, ni redio tu, tulishabeba ndizi zetu bure mara moja."

Nimewahi kukemewa na wakubwa wengi baada ya pale, na hakuna aliyeniumiza kama swali lile. Mkuu alianza kusema kwamba tutasoma tangazo la kuomba radhi. Mzee akakataa. Alisema mtu aliyezikwa kwa ngoma hafufuliwi kwa karatasi, atasema mwenyewe.

Saa saba na robo, baada ya vifo, Mussa alimpisha kiti. Mzee Asegelile aliisogelea maikrofoni kama mtu anayenusa chungu, akasalimia kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili. Akasema yu hai, ndizi zimeliwa, waliozileta wasizidai. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Alianza kueleza ngoma. Akagonga meza kwa vidole: hii ni ya arusi. Hii ni ya kupokea mgeni. Hii ni ya kushindana vijana, haina maana yoyote ila jasho. "Na ile mliyoisikia Jumamosi ni ya kuagana. Waliinasa vizuri. Walikosa kuuliza tu." Sanga, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingilia kipindi, aliisogeza maikrofoni ya pili karibu na vidole vya mzee, akatabasamu peke yake.

Alipotoka studio aliitaka tepu. Nilidhani ataichukua. Akaipima mkononi, akanirudishia.

"Itunze wewe. Isisikike tena mpaka siku yangu. Watu wakijua kwamba haipigwi ovyo, siku ikipigwa wataamini. Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

"Andika hapo. Kubwa."

Ndipo nikachukua wino mwekundu. Aliniangalia nikiandika mpaka herufi ya mwisho, na Gwamaka akaniuliza kwa Kihehe cha kuungaunga kama kwetu ni Iringa mjini au pembeni. Mke wake alikuwa wa pembeni.

Barua zilianza kuja wiki ile. Watu walitaka kusikia tena habari za vidole. Kikundi cha Igawa kilikuja bila kuitwa, kikiwa na watu kumi na wawili, kikakaa nje na mbuzi wa jirani mpaka zamu yake. Mzee Asegelile alipanda Land Rover mara tatu kutupeleka kwa watu ambao tusingewapata, na kila tulipofika alijitambulisha kama marehemu. Nilichana kurasa za daftari langu nikapiga mistari upya, safari hii safu tano. Ya tano niliiita Huimbwa lini. Tangu hapo sikupokea tepu ya mtu bila kuuliza hilo: ni ya kuvuna, ya kubembeleza, ya kanisani, ya unyago isiyofaa kusikika kwa wanaume? Nyingine tulinasa tukaziacha kabatini kwa sababu hiyo, nyingine tukakataa hata kuzinasa. Kile kisanduku cha "Matumizi" mnachokiruka kwenye kompyuta kwa sababu eti kinachelewesha, kilizaliwa siku ile. Kijazeni.

Mkaguzi alikuja na mkoba. Alisikiliza saa yetu nzima akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Saa nane kamili akafumbua, akauliza jiko la mkaa linafanya nini chumba cha mitambo. Sanga akaeleza. Mkaguzi akaandika jambo, akanywa chai, akaondoka. Saa ilibaki yetu, na mimi sikurudi Iringa ila kwa likizo.

Ile tepu niliilinda miaka saba. Watangazaji walibadilika, na kila mgeni nilimwonyesha boksi kabla ya kumwonyesha choo. Hata hivyo mmoja, aliyetoka chuoni na maringo yake, aliitoa siku nikiwa nyuma naanika kitambaa cha santuri. Nilimwona kupitia dirisha akiiviringisha kwenye mashine, taa nyekundu inawaka. Nilikimbia nimeacha viatu nje, nikaiondoa mikononi mwake, na wasikilizaji wakapata kimya cha dakika nzima. Aliandika barua ya kunishtaki kwamba sina nidhamu. Mkuu aliisoma, akaniita, akaniuliza, "Ilisikika?" Nikamwambia haikusikika. Akaikunja akaiweka mfukoni.

Muongo ukiwa unaelekea mwisho, asubuhi moja ya baridi, nilimkuta Gwamaka amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amehamia nyumbani zamani, na nywele zake zimeanza mvi. Hatukusalimiana. Alisema, "Baba alisema mnajua."

Fundi Sanga alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Aliwasha jiko mwenyewe, akaipasha mashine muda mrefu kuliko kawaida, akaipitisha tepu kitambaani inchi kwa inchi. Kuiviringisha mashineni pia alifanya yeye. Saa saba vifo vikasomwa. Jina la Mzee Asegelile halikuwamo, ndivyo alivyotaka. Mtangazaji akafunga maikrofoni, na ngoma ikaanza.

Mama Tusekile alikuwa ukumbini na deki yake, mzee sasa, mgongo umepinda. Aliweka ndoo chini. Safari hii hakuniuliza kitu. Alifungua kitambaa cha kazi kiunoni, akakitundika kwenye msumari, akatoka kwenda stendi ya mabasi.

Mimi nilikwenda kesho yake. Njia nzima nililiogopa lile swali la Mzee Asegelile, nani atakuja. Nilijisemea kwamba miaka saba ni mingi, watu wana kazi zao, pengine wamesikia wakacheka wakasema wale wa redio tena. Basi lilinishusha njia panda, na kabla sijaweka mguu chini niliwaona. Wanawake wenye mikungu ya ndizi, wenye kuni, wenye unga kwenye beseni, walijaza barabara tangu njia panda hadi inapopinda kwenye migomba, na wengine walikuwa wanateremka mlimani. Waimbaji wa Igawa walikuwepo wote. Dada yake wa Kyela alikuwa mbele ya nyumba, mchele wake pembeni. Alinishika mkono hakuuachia.

"Nilikuwa nachambua mboga," alisema. "Niliposikia, sikuuliza mtu."

Nililia siku ile kuliko nilivyolia juu ya santuri kumi na nne, na sikuona haya. Baada ya mazishi nilimpa Gwamaka tepu. Ni kitu pekee kilichotoka maktaba yetu mikononi mwangu bila sahihi ya Mkuu, na kama mnataka kuniandikia barua ya onyo, anwani yangu mnayo. Boksi nilirudi nalo. Daftari la safu tano liko kabati lilelile, nyuma ya boksi, Neema atalikuta. Kwenye mstari wa Asegelile, safu ya mwisho, nilifuta nilichoandika mwanzo nikaweka maneno mawili: Imepigwa. Wakaja.